Vyombo na sabuni za jikoni, na kisima kilicho karibu na karo la choo: nianze na kipi?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Tumehamia Fuoni, hapa Unguja, hivi karibuni katika nyumba ambayo karo limechimbwa nyuma na kisima kiko mbele, na nilipopima kwa miguu yangu mwenyewe nilipata hatua thelathini na mbili tu baina ya viwili hivyo. Fundi aliyekuja kukisafisha kisima alinitolea kipande cha jiwe kutoka ukutani mwake akanipa nikishike. Ni tumbawe lililojaa vitundu. Nililimwagia maji juu yakatokea chini kabla sijamaliza kuinamisha kikombe. Tangu siku hiyo, kila ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo huwa najiuliza yatanirudia lini kwenye ndoo.

Kwa kuwa jiko letu bado halijajaa vitu, nimeona huu ndio wakati wa kuchagua kwa makini. Sisi ni watu saba, wali ni wa kila siku, samaki takriban kila siku, na mpaka sasa tunaosha kila kitu, kuanzia glasi hadi sufuria lenye ukoko, kwa sabuni ya unga ya kufulia na sponji la plastiki ambalo halimalizi wiki mbili bila ya kuanza kumeguka. Binti yangu aliyeko masomoni ng'ambo ananitumia picha za burashi za mianzi na kunisisitiza niagize. Duka la jirani nalo linauza sabuni ya maji iliyotiwa katika chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, na muuzaji anaapa kwamba ni sabuni ya asili kwa sababu inatengenezwa papa hapa mtaani. Juu ya hayo yote, maji ya kisima hiki hayataki kutoa povu, kwa hiyo tunatia sabuni nyingi zaidi, na hofu yangu inazidi.

Naomba mwenye uzoefu anieleze nitumie nini badala ya sponji, nitaijuaje sabuni iliyo nzuri, na kama vyombo vya plastiki nilivyonavyo nivitupe au niendelee navyo.

Mama wa Wete

Waalaykumu salaam dada yangu, na hongera ya nyumba. Mimi nitajibu la sponji, kwa sababu hilo ndilo ninalolijua kwa mikono yangu, na la sabuni nawaachia waliolisoma.

Sponji lako lipo juu ya mti. Chukua kumbi la nazi iliyokomaa, hasa lililofuliwa siku hiyo hiyo, ulitie ndooni usiku kucha. Wale wanaotaka usumba wa kusokotea kamba huyafukia makumbi pwani miezi mingi mpaka yaoze ndipo wayaponde, lakini kwa jikoni hakuna haja ya subira hiyo. Asubuhi liponde kwa mchi juu ya jiwe, ukung'ute lile vumbi la hudhurungi linaloshikamana na nyuzi, kisha ulirudishe majini na uyamwage maji hayo mara mbili au tatu mpaka yaache kuwa mekundu, kwa sababu rangi ile huganda kwenye vitambaa na haitoki tena. Ukimaliza, kunja nyuzi ziwe fungu la kujaa kiganja na ulifunge katikati kwa uzi wa kumbi hilo hilo. Fungu kama hilo linasugua sufuria la ukoko bila ya kulichimba kama unavyofanya waya wa chuma, na likichakaa unalitupa chini ya mgomba.

Kwa glasi na sahani, kumbi ni kali mno. Hapo tumia dodoki. Panda mbegu mbili tu kwenye ua, karibu na kitu cha kutambalia, kwani mmea wake hauna adabu na utapanda mpaka juu ya paa. Usilichume likiwa kijani. Liache likauke papo hapo mtini mpaka ganda liwe la hudhurungi na mbegu zisikike zikicheza ndani ukilitikisa. Hapo vunja ncha, mwaga mbegu na uziweke, roweka ganda lilainike ulimenye, kisha kata vipande vya urefu wa vidole vinne. Muhimu ni kulianika juani kila jioni kabla jua halijazama. Dodoki lililolala kwenye beseni la maji hunuka siku ya tatu, na watu wakalilaumu dodoki.

Kabla ya hata kugusa sabuni, mimi husugua sufuria lenye mafuta kwa chicha kavu. Chicha hunywa mafuta yote, kisha nawarushia kuku, ambao hawajawahi kulalamika. Mafuta yakishaondoka hivyo, sabuni inayohitajika ni kidogo mno, na karoni haliingii lile tope la mafuta linaloziba njia.

Nikutahadharishe na jivu, kwa kuwa najua kuna atakayekuambia kuwa jivu husafisha kila kitu. Mwaka jana nilijaza maji ya jivu katika sufuria kubwa la bati jepesi, lile la alumini, nikaliacha lilale. Asubuhi nilikuta limepiga weusi mpaka mdomoni na chini limefanya vishimo vidogo kama ngozi ya ndui. Bado ninalo, natilia maji ya kuku. Jivu ni la chuma, la udongo na la glasi.

Mwalimu wa Kemia

Bi Wete amesema kweli, na mimi nitaongeza sababu, kwani katika skuli ninayosomesha hilo la jivu ndilo swali ninalowapa wanafunzi kila mwaka. Majivu ya kuni yana chumvi za potasiamu zinazoyafanya maji kuwa na ukali wa alkali, na alkali ndiyo adui wa alumini: huyeyusha utando mwembamba unaoilinda, kisha ikaila yenyewe. Magadi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sufuria la alumini lililopiga weusi lichemshiwe maji yenye ndimu zilizokwisha kukamuliwa au ukwaju, nalo litarudi kung'aa. Magadi yawekwe kwa sufuria la chuma kisichoshika kutu, ambapo ukoko uliochemshwa na kijiko kimoja cha magadi hujibandua wenyewe. Kwa masinia ya shaba, mbirimbi mbichi uliopasuliwa na kuchovywa kwenye chumvi unatosha kabisa, na huo hauuzwi dukani kwa chupa.

Sasa la sabuni. Dada wa Fuoni, fanya jaribio moja la dakika mbili. Chukua chupa mbili ndogo, moja utie maji ya kisima na nyingine maji ya mvua, kwa kiasi kimoja. Kwaruza sabuni ya mche kwa kisu, tia mkwaruzo sawasawa kila chupa, kisha uzitikise zote mbili. Ile ya mvua itajaa povu mpaka kizibo. Ile ya kisima itakuwa nyeupe kama maziwa yaliyokatika, na utaona vipande vidogo vinaelea. Vipande hivyo ni sabuni yako iliyokamatwa na chokaa ya jiwe la tumbawe, na sabuni iliyokamatwa haisafishi kitu. Kwa hiyo sehemu ya sabuni mnayomwaga inapigana na maji kabla haijaufikia uchafu. Huu ndio ugonjwa wenyewe, na dawa yake si kutafuta sabuni kali zaidi. Kinga maji ya mvua kutoka paani, wakati wa masika na wa vuli, uyaweke kwa kuoshea vyombo tu. Yakikosekana, tia magadi kidogo katika maji ya kisima, uyaache yatulie chokaa ishuke chini, utumie ya juu, ila kwa alumini kumbuka tuliyoyasema.

Kuhusu aina ya sabuni, neno «asili» lililoandikwa kwa kalamu juu ya chupa lisikushughulishe. Sabuni nyingi za maji zinazotengenezwa mitaani ni mchanganyiko wa tindikali ya salfoniki, ungaroli (kemikali ya kutoa povu), chumvi, rangi na manukato, vyote vikiwa vimenunuliwa madukani kwa madumu. Sisemi kuwa ni sumu, na wanaoitengeneza wanapata riziki ya halali. Ninachosema ni kwamba ile ya salfoniki huvunjwa na vijidudu vya ardhini vizuri panapokuwa na hewa, lakini ndani ya karo, mahali pasipo hewa, hukaa muda mrefu. Sabuni halisi, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki soda, huoza kwa wepesi zaidi. Na kati ya mafuta yote, ya nazi ndiyo yanayotufaa watu wa visiwani, kwa sababu sabuni yake hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Sabuni ya mwani ni nzuri pia, ila akina mama wengi wanaoitengeneza wanaikusudia kwa kuogea, nayo bei yake ni ya wageni; kuisugulia sufuria ni israfu. Kwa hiyo mwulize muuzaji suali moja tu: umetumia mafuta gani? Akishindwa kutaja mafuta, hiyo si sabuni kwa maana ninayoikusudia hapa. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iacheni kwenye nguo. Haikutengenezwa kwa kitu kinachokwenda mdomoni.

Ukitaka harufu nzuri na kuondosha shombo, maji ya ndimu yanatosha, maana shombo ya samaki ni alkali na tindikali huizima. Baadhi ya watu hutia tone la mafuta ya karafuu kwenye siki ya kufutia meza, na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotoka katika kiwanda cha Wawi kule Pemba yanafaa, lakini tone liwe tone kweli, kwani huunguza ngozi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ibakie ndani kwa siku ya haja, kama ilivyokuwa wakati wa kipindupindu cha 2015 na 2016, na katu isichanganywe na siki wala ndimu, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu.

Mwisho, samahani nitasema ambalo hukuliuliza. Kwa hatua thelathini na mbili juu ya jiwe la vitundu, kinachotisha zaidi katika kisima chako ni vijidudu vya choo. Sabuni inakuja nyuma yake. Chemsheni maji ya kunywa hata kama jikoni mtatumia chicha na ndimu pekee. Na kama fundi anaweza, atenganishe maji ya jikoni yasiingie karoni kabisa, yapelekwe kwenye shimo la migomba lililojazwa kokoto, upande ulio mbali na kisima. Migomba inayapenda maji hayo ikiwa ni ya sabuni halisi. Yakiwa ya klorini, itakauka.

Fundi wa Pawa

Mimi nachonga miko na pawa, na vifuu nimeshavikata kwa maelfu, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwa upande wa biashara yangu.

Burashi ya mianzi ya binti haina ubaya, lakini isafirishwe kutoka bara jingine ije kufanya kazi ya kumbi ambalo hapa linachomwa moto njiani? Mwambie tutampelekea yeye kumbi huko aliko.

Ukinunua upawa au bakuli la kifuu, ushike mkononi na uuelekeze juani. Ukimeta kama gari jipya, umepakwa vanishi kwa ajili ya mtalii atakayeutundika ukutani. Usiutie katika mchuzi wa moto. Upawa wa kutumia huwa umekwaruzwa kwa msasa mpaka ukalainika, ukapakwa mafuta ya nazi, na mng'ao wake ni wa kufifia. Utazame pia mahali kifuu kinapokutana na mpini. Zamani tulitoboa matundu mawili na kuupenyeza mti, ukajibana wenyewe; siku hizi wengi wanatia gundi, na gundi huachia ndani ya chungu siku ya wageni. Mwiko usilale majini, usianikwe jua la saa saba ukapasuka, na kila baada ya wiki kadhaa uupake mafuta ya nazi kwa kitambaa na kuusimamisha kichwa juu. Kibao cha kukatia kisugue kwa chumvi na ganda la ndimu, kisha kiegemeze ukutani kipate hewa pande zote mbili, kwani wakati wa masika kibao kilicholazwa huota ukungu kwa chini bila ya mwenyewe kujua.

Kifumbu cha kukamulia tui kisiguswe na sabuni kabisa, maana ukili hushika harufu na utaila katika tui. Kitie maji ya moto mara tu ukimaliza kukamua, kipigepige ukutani chicha itoke kwenye misuko, kitundike juani. Chungu cha udongo nacho ni hivyo: kina vitundu kama hilo jiwe lako la kisima, na sabuni ikishaingia humo hutoka kwenye mchuzi unaofuata.

Jengine ni mifuko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na sote tukafurahi tulipopewa hii mifuko laini inayofanana na kitambaa. Chomoa uzi mmoja wa mfuko huo uuwashe kiberiti. Ukiyeyuka na kuganda kama tone gumu, jua kuwa umeshika plastiki, ila imefumwa kwa namna nyingine. Sisemi uitupe, utumie mpaka uchakae, lakini ukinunua mpya nunua kikapu cha ukili, na kwa samaki chukua pakacha. Pakacha hulioshi. Likishanuka, shimo la mbolea linalisubiri.

Mpishi wa Malindi

Nimesoma yote kwa heshima, na baadhi yake nayafanya, lakini naomba nipinge kidogo kwa niaba ya wenye kazi nyingi. Nina mgahawa mdogo Malindi, hapa mjini Unguja, na kila mchana sahani sitini zinarudi kwa wakati mmoja. Sina nafasi ya kuponda kumbi, na nikisema kweli wasichana wanaonisaidia hawatanivumilia. Kazi hizi za «kurudi kwenye asili» tunazozisifu, mara nyingi mikono inayozifanya ni ya mtu mwengine.

Kilichopunguza sabuni kwangu ni mabeseni, na wala sikununua kitu kipya. La kwanza ni la maji ya moto yenye sabuni, la pili ni la kusuuzia, na mabaki yote yanakwanguliwa kwanza kwenye ndoo ya kuku. Glasi zinaingia mwanzo, kisha sahani, na sufuria mwisho kabisa, kwa maji yale yale. Hapo awali bomba lilikuwa linatiririka muda wote na sabuni ikimiminwa moja kwa moja juu ya sponji, na dumu la lita tano lilikuwa haliishi wiki. Sasa linaendelea wiki mbili na ushei. Sabuni yenyewe nainunua kwa mtengenezaji nikiwa na dumu langu mkononi, ananijazia lile lile.

Kuhusu plastiki ulizonazo, dada, usitupe hata moja. Mkebe ulio mzima ukiutupa leo ndio unakuwa taka leo. Uondoe tu kwenye moto: usitie mchuzi unaochemka, usipashie chakula ndani yake, na uliokwaruzika uhamie kwenye dengu, mchele na vibanio vya nguo. Doa la manjano la mchuzi lisikufanye uutupe wala uusugue kwa klorini. Uweke juani siku mbili tatu, doa litafifia lenyewe. Vikaango visivyoshika chakula ndivyo nitakavyokuambia usinunue vipya, kwa sababu utando ukishaanza kubanduka maisha yake yamekwisha, ilhali kikaango cha chuma cha bibi yangu kimeshapika vitumbua kwa vizazi vitatu.

Mkaazi wa Fuoni

Nawashukuru nyote, na jibu la Mwalimu kuhusu maji ya kunywa limenifika; tumeanza kuchemsha tangu jana.

Lile jaribio la chupa mbili tulilifanya mbele ya watoto. Maji ya mvua nilikuwa nayo kidogo kwenye pipa la jirani. Chupa ya kisima ilitoka kama alivyosema, nyeupe na vipande vinaelea, na mama mkwe, ambaye kwa mwezi mzima amekuwa akinilaumu kuwa sijui kuchagua sabuni, alinyamaza kimya akaomba aitikise mwenyewe. Fundi wa paa anakuja Jumamosi kupima mfereji wa kukingia maji.

Kwa muuzaji wa jirani nilikwenda na suali la mafuta. Alisita, kisha akacheka, akasema mafuta hakuna, ni ungaroli. Nimenunua sabuni ya mche ya mafuta ya nazi badala yake, naikwaruza na kuirowesha usiku ndani ya chupa iwe laini. Kumbi la kwanza niliharakisha, sikubadilisha maji, na sasa nina taulo moja nyeupe ambayo si nyeupe tena. La pili limetoka zuri. Migomba ipo minne upande wa karo, na shimo la kokoto limeshachimbwa nusu, kwani chini tulikutana na jiwe.

Limebaki moja tu. Bi Wete, mbegu za dodoki hapa nimeulizia Mwanakwerekwe sokoni nikaoneshwa za maboga. Unazo za akiba?

Mama wa Wete

Ninazo, tena nyingi, nyeusi na bapa, usizichanganye na za boga. Mwanangu anapanda boti ya Unguja mwisho wa wiki. Nitazifunga kwenye kitambaa azishushe mgahawani kwa mpishi wa Malindi, ukiridhia mpishi. Ziroweke usiku mmoja kabla ya kuzipanda, na usizipande karibu na huo mfereji wa mvua, litaung'oa.

Mpishi wa Malindi

Nimeridhia, alete. Ila na mimi nipunguziwe mbegu mbili.